Warufiji na Mafuriko Yao

Kila masika mto Rufiji unapojaa, habari zinazotoka huko hufanana mwaka hadi mwaka. Mashamba yamezama, kaya zimezingirwa na maji, barabara zimekatika, na viongozi wanawahimiza wakazi wa bondeni wahamie kwenye miinuko. Habari hizo si za uongo, na machungu ya waliopoteza nyumba na chakula si ya kupuuzwa. Lakini zina kasoro moja iliyorudiwa mno hata ikaonekana ndiyo kweli yenyewe: zinamchora mkazi wa bonde kama mtu aliyeshikwa ghafla na jambo asilolijua, au kama mkaidi anayelijua na bado hasikii. Historia ya bonde la chini la Rufiji inasema vingine. Kwa vizazi vingi Warufiji, Wandengereko na majirani zao waliishi bondeni kwa sababu ya mafuriko yenyewe. Walikuwa na kalenda ya mafuriko, mbegu za mafuriko, nyumba za mafuriko, na namna ya kuitawanya hasara ili isiiangukie kaya moja kwa mkupuo mmoja. Hoja yangu ni kwamba huo ulikuwa usimamizi kamili wa hatari, ingawa haukuwa na tuta wala lango la maji, na kwamba haukuvunjwa na mto. Ulivunjwa hatua kwa hatua na mipango iliyokuja kwa nia ya kuwaokoa watu na maji, kwa kuwa mipango hiyo iliyahesabu mafuriko kuwa ajali, ilhali wenyeji waliyahesabu kuwa majira.

Tuanze na mto wenyewe, maana tabia yake ndiyo iliyowafundisha watu. Rufiji huzaliwa pale mito ya Kilombero na Luwegu inapokutana, kisha Ruaha Mkuu huungana nao kabla maji hayajapita kwenye korongo la Stiegler na kuteremka kuelekea pwani. Beseni lake lina takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara, na zaidi ya nusu ya maji yake huletwa na Kilombero peke yake. Ndiyo maana mtu wa Utete au Muhoro anaweza kuona mto ukipanda huku anga la kwao ni jeupe. Maji yanayomfikia ni mvua iliyonyesha siku nyingi nyuma kwenye milima ya Iringa, Njombe na Morogoro, ikatuama kwanza katika tambarare ya Kilombero, ndipo ikashuka. Mafuriko ya Rufiji kwa kawaida hayaji kwa kishindo kama maji ya korongo la mlimani. Hupanda kwa siku kadhaa, hukaa kwa majuma, hurudi taratibu. Na ardhi yanayoifunika si sawa hata kidogo. Mto unapofurika huangusha mchanga mzito karibu na ukingo wake na kupeleka tope laini mbali zaidi, hivyo ukingo huwa juu kuliko eneo lililo nyuma yake. Pia mkondo huhama, ukiacha mikono mikuukuu iliyokatika, vidimbwi na maziwa. Kwa mgeni bonde lote ni tambarare moja. Kwa mwenyeji tofauti ya kimo cha nusu mita ndiyo tofauti ya shamba litakalozama juma moja na litakalozama mwezi mzima, na kila kimo kina kazi yake.

Kilimo cha mpunga kilijengwa juu ya ujuzi huo. Mashamba husafishwa mwishoni mwa kiangazi, na mbegu humwagwa mvua za vuli au za mwanzo wa masika zinapoilainisha ardhi. Kuanzia hapo mkulima anashindana na mto kwa kimo: mche unapaswa kuwa mrefu vya kutosha kabla ya maji makubwa, ambayo mara nyingi hufika kileleni mwezi wa Aprili. Ukiwa mfupi, maji huupita kichwa na kuuozesha. Ukiwa umesimama vyema, maji yaleyale yanaunywesha, yanaua magugu na kuuletea tope la rutuba, na mavuno huja kiangazi kinapoanza. Hapa mkulima hana uwezo wa kuamua maji yaje lini. Anachoweza kuamua ni kupanda mapema au kuchelewa, kwenye kimo hiki au kile, mbegu ya kukomaa haraka au ile inayostahimili kusimama majini. Kwa hiyo kaya yenye busara haikuweka mpunga wake wote mahali pamoja wala haikuupanda wote siku moja. Ilikuwa na kipande karibu na ukingo na kingine kwenye eneo la chini lililo nyuma yake, na ilichanganya mbegu. Msomi wa leo angesema imetawanya hatari. Wao walisema tu kwamba mto haujulikani utaamkaje.

Kisha maji yakianza kurudi, kilimo cha pili kinaanza, nacho ndicho kiini cha hoja hii. Wenyeji wanakiita mlau. Mkulima hufuata ukingo wa maji unaporudi nyuma, akipanda mahindi, kunde na maboga katika udongo ulioachwa wazi jana au juzi, na siku chache baadaye hushuka tena kufuata maji. Mmea hauhitaji mvua, kwa kuwa unyevu uliobaki ardhini unautosha kufikia mavuno katikati ya kiangazi, wakati ambapo mashamba ya mlimani yamekauka. Mwaka 1938 H. Marsland aliandika makala juu ya kilimo cha mlau katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na kwa kufanya hivyo aliweka kwenye maandishi ya wakati ule jambo ambalo bonde lilikuwa likilijua bila kuandika: kwamba mafuriko yanayoharibu mpunga ndiyo yanayoandaa mlau. Mpunga na mlau hupokezana. Mwaka wa maji makubwa mno mpunga hupotea, lakini eneo lililoloweshwa huwa pana na mlau hustawi. Mwaka wa maji ya wastani vyote viwili hupatikana. Mwaka wa kutisha kweli ni ule ambao mto haupandi kabisa, kwa sababu mpunga hukauka na mlau hukosa mahali. Kuna hatari nyingine pia, ya mto kupanda mara ya pili baada ya mlau kuota. Lakini kwa sehemu kubwa hasara ya Aprili ilikuwa na fidia ya Septemba, na fidia hiyo ililetwa na maji yaleyale.

Nyumba nazo zilifuata mantiki hiyo. Dungu la Kirufiji ni kibanda kilichosimamishwa juu ya nguzo, sakafu yake ikiwa juu ya ardhi, chenye nafasi ya watu kulala na mavuno kuhifadhiwa. Waliozoea kuona kibanda cha kuamia ndege watadhani dungu ni kitu cha msimu tu, cha mtoto kukalia akirusha mawe. Kwa hakika lilikuwa makazi ya kazi nyingi. Bonde la Rufiji linapakana na pori kubwa la wanyama, na mpunga au mahindi yasiyolindwa usiku huliwa na nguruwe na viboko, na mchana huliwa na makundi ya ndege. Aliyelima bondeni alilazimika kulala bondeni. Dungu lilimpandisha juu ya mnyama, na maji yalipokuja lilimpandisha juu ya maji. Karibu na mlango kulikuwa na mtumbwi, na mtumbwi uligeuza msimu wa maji kuwa msimu wa safari na uvuvi, kwa maana mafuriko hufungua njia kati ya mto na maziwa ya bondeni, samaki wakaingia humo kuzaliana na kukua. Maziwa kama Utunge, Ruwe na Zumbi yalilishwa hivyo, na mwaka ambao mto haukuyafikia ulikuwa mwaka wa nyavu nyepesi. Waliokuwa na jamaa kwenye miinuko ya kaskazini au kusini walikuwa na pa kukimbilia maji yalipopita kiasi, kisha walirudi kwa wakati wa mlau. Kuhama kulikuwepo, ila kulikuwa kuhama kwa muda, kwa uamuzi wa kaya yenyewe, na mwisho wake ulijulikana.

Ushahidi kwamba mpango huu ulifanya kazi uko kwenye biashara. Katika karne ya 19 Rufiji lilikuwa ghala la mpunga kwa pwani, na nafaka yake ilipakiwa majahazini kwenda Zanzibar na bandari nyingine, kutoka delta ileile ambayo wafanyabiashara waliijia kuchukua boriti za mikoko kwa ajili ya ujenzi wa Arabuni na Ghuba. Sultani Barghash wa Zanzibar aliliona bonde hili kuwa lenye thamani kiasi cha kumtuma William Beardall kuuchunguza mto, na taarifa ya safari hiyo ilichapishwa London mwaka 1881. Bonde ambalo watu wake walikuwa mateka wa maji kila mwaka lisingekuwa na ziada ya kuuza. Ziada hiyo haikutokana na mto mpole. Mto ulikuwa huuhuu, na wakati mwingine mkali kuliko tunavyouona sasa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwanzoni mwa 1917, mvua kubwa ziligeuza bonde kuwa ziwa na kuyazuia majeshi ya Waingereza yasisonge mbele dhidi ya Wajerumani. Majeshi yaliyokuwa na meli, bunduki na maelfu ya wapagazi yalikwama pale ambapo wakulima wenye mitumbwi na madungu walikuwa wakipita kila masika.

Msomaji makini atauliza hapa: je, hii si kuipamba jana? Kama usimamizi wa Warufiji ulikuwa mzuri kiasi hicho, mbona historia ya bonde imejaa njaa? Swali hili ni la haki na halistahili kukwepwa. Njaa zilikuwepo, na mafuriko makubwa yasiyo ya kawaida yalizamisha madungu, yalisomba akiba na kuua watu. Sidai kwamba mto ulikuwa rafiki. Ninachodai ni kwamba sababu za njaa zinahitaji kupambanuliwa. Han Bantje, aliyefanya utafiti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichunguza mwishoni mwa miaka ya 1970 uhusiano wa mafuriko na njaa Rufiji, na thamani ya kazi ya namna hiyo ni kwamba inatulazimisha kuacha kudhani kuwa kila upungufu wa chakula umeletwa na maji. Ukame ulileta njaa. Vita vilililetea bonde njaa: ukandamizaji wa Wajerumani baada ya kuzuka kwa Maji Maji mwaka 1905 ulichoma akiba na mashamba kusini mwa Tanganyika, na miaka ya 1916 na 1917 majeshi mawili yalikula kilichokuwa kimelimwa na wenyeji. Kazi ya lazima nayo ilileta njaa, kwa sababu kilimo kinachotegemea kupanda siku inayofaa kwenye kimo kinachofaa hakiwezi kuvumilia mkulima kuondolewa shambani kwa juma zima. Anayetaka kujua nguvu ya mpango wa wenyeji asiupime kwa miaka ambayo wenyeji hawakuachiwa kuutumia.

Serikali za kikoloni hazikuliangalia bonde kwa jicho hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walifungua kituo cha kufundishia kilimo cha pamba Mpanganya, wakiamini rutuba ya Rufiji ingelisha viwanda vya Ulaya. Waingereza walimleta Alexander Telford, ambaye ripoti yake ya 1929 ilitathmini uwezekano wa kuyaendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero. Baada ya Vita Kuu ya Pili matrekta yalipelekwa kulima mpunga kwa mashine, na jaribio hilo halikudumu. Kati ya 1955 na 1960 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilifanya uchunguzi mkubwa wa beseni zima, na kutokana nao wazo la bwawa kwenye korongo la Stiegler, la kuzuia mafuriko na kumwagilia mashamba, likapata uzito wa kitaalamu. Wataalamu hao hawakuwa wajinga. Walipima maji na udongo kwa uangalifu, na takwimu zao bado zina faida. Lakini swali waliloanza nalo lilikuwa moja tu: ni kwa vipi maji haya yanaweza kudhibitiwa ili ardhi hii itumike? Swali hilo linachukulia kwamba ardhi haijatumika bado. Mlau ulionekana kama kilimo cha kubahatisha, na dungu kama dalili ya umaskini. Hakuna aliyeuliza ni kiasi gani cha mafuriko ambacho bonde lilihitaji, kwa kuwa mafuriko yalikuwa yameshaandikwa upande wa hasara.

Fikra hiyo haikuondoka na bendera ya mkoloni. Mwaka 1968 mafuriko makubwa yaliharibu mazao ya bonde, na serikali ya Tanzania huru, ikiwa mwaka mmoja tu tangu Azimio la Arusha, iliona katika janga hilo haja na nafasi kwa pamoja. Operesheni Rufiji ikaanza: watu walihamishwa kutoka bondeni na kupangwa katika vijiji vya ujamaa kwenye miinuko, Ikwiriri na Mkongo vikiwa miongoni mwake. Ilikuwa moja ya operesheni za kwanza za aina yake nchini, miaka kadhaa kabla ya uhamishaji mkubwa wa kitaifa wa 1973 hadi 1976. Nia yake lazima ielezwe kwa uadilifu. Serikali ilitaka kuwaondoa watu kwenye hatari, na ilitaka kuwapelekea shule, zahanati na maji ya bomba, huduma ambazo ni vigumu kuzifikisha kwa kaya zilizotawanyika kwenye kingo za mto unaohama. Mzazi aliyetaka mwanawe asome hakuwa na sababu ya kuidharau nia hiyo, na wapo waliohama kwa matumaini.

Lakini operesheni ilitenganisha vitu viwili ambavyo mpango mzima wa bonde ulikuwa umeviunganisha, nyumba na shamba. Miinuko ni ya mchanga, na rutuba ilibaki bondeni pamoja na maji. Mkulima wa kijiji kipya alilazimika kutembea mwendo mrefu kufika shambani, au kuvuka mto, na usiku shamba lake lilibaki mikononi mwa nguruwe na viboko. Tafiti zilizofuata, za Audun Sandberg mwaka 1974, za Bantje mwishoni mwa muongo huo na za Kjell Havnevik aliyeandika juu ya maendeleo yanayoamriwa kutoka juu, zinakubaliana juu ya uzito wa umbali huo kwa chakula cha kaya. Wakati uliokuwa silaha kuu ya mkulima, kuwa pale siku maji yanapopanda na pale siku yanaporudi, ulimponyoka. Kilichotokea baadaye ni jibu la wenyeji wenyewe: watu walirudi bondeni msimu wa kilimo na kujenga tena madungu, huku nyumba ya kijijini ikibaki kuwa ya shule na ya mikutano. Kaya ikagawanyika, wengine juu na wengine chini, na gharama ya mgawanyiko huo ilibebwa zaidi na wanawake, ambao sehemu kubwa ya kazi ya mpunga ilikuwa juu yao. Viongozi waliokuja kukagua na kuwakuta watu bondeni waliandika kwamba wamekaidi. Hawakuona kwamba walikuwa wakitengeneza upya kile kilichovunjwa.

Kuna watakaosema kwamba mjadala huu ni wa zamani, na kwamba bonde la leo si lile la 1968. Ni kweli kabisa. Watu wameongezeka. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, limemaliza foleni za kivuko cha Ndundu na kuifanya barabara ya kusini ivute biashara na makazi. Ikwiriri umekuwa mji. Mvua nazo zimekuwa za kupindukia pande zote mbili, kwani mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalifuatwa na miaka ambayo mto haukupanda vya kutosha hata kuyafikia baadhi ya maziwa. Yote haya yanapunguza uwezo wa kaya moja kujikimu kwa kuchagua kimo na mbegu. Lakini tuangalie hoja hii inatupeleka wapi. Kama misimu imekuwa migumu kutabirika, basi ujuzi wa kutawanya hatari ni wa thamani zaidi sasa kuliko zamani, kwa sababu ulitungwa kwa ajili ya mto usiotabirika. Aliyezoea kuwa na mashamba mawili kwenye vimo viwili anaelewa tatizo hili kuliko mpangaji anayetaka kuchora mstari mmoja kwenye ramani, huku salama, kule hatari. Mabadiliko yanadai ujuzi huo uongezewe vipimo, taarifa na huduma, na hayatoi kibali cha kuutupa.

Jaribio kubwa kuliko yote limefika katika kizazi chetu. Bwawa lililopendekezwa kwa miongo mingi, lililosimamiwa kwenye makaratasi na RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la Rufiji iliyoundwa mwaka 1975, na kuahirishwa kwa kukosa fedha katika miaka ya 1980, hatimaye limejengwa. Ujenzi ulizinduliwa Julai 2019, ujazaji wa maji ulianza Desemba 2022, na mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ina uwezo wa megawati 2,115. Taifa linahitaji umeme, na sioni faida ya kubishana na ukweli huo. Kisha ikaja masika ya 2024, yenye mvua za El Niño zilizoleta maafa nchi nzima. Mwezi Aprili maji yaliyafunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Wakazi wengi waliona chanzo ni maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali na shirika la umeme, TANESCO, zilieleza kwamba bwawa lilikuwa limejaa, kwamba maji hayakuwa na budi kuachiwa, na kwamba lilikuwa limezuia sehemu kubwa ya mafuriko ambayo yangekuwa mabaya zaidi bila hilo. Maelezo hayo yana mantiki ya kihandisi. Bwawa hukata kilele cha mafuriko pale lenyewe likiwa na nafasi, na likishajaa, kiasi kinachoingia hulazimika kutoka.

Hata hivyo ubishi wa nani alileta maji unaficha jambo kubwa zaidi. Kuliko wakati wowote katika historia ya bonde, kupanda na kushuka kwa mto kunaamuliwa na binadamu. Hapo awali Mrufiji alisoma alama: rangi ya maji, takataka zinazoelea, kasi ya mkondo, habari kutoka juu ya mto. Alama hizo zilikuwa za mto, na yeyote angeweza kuzisoma. Sasa maji yanatii pia ratiba ya mitambo, na ratiba hiyo haionekani kwenye rangi ya maji. Bwawa linaweza kuupunguza mto wakati wa Aprili ambapo mpunga na maziwa vinauhitaji, na linaweza kuupandisha kiangazi, mlau ukiwa umeota. Anayedai kwamba bwawa limeondoa hatari ya mafuriko hajatazama upande huo wa pili. Hatari imebadilisha sura: kutoka kuwa na maji mengi mno kwa wakati unaotarajiwa, imekuwa maji yoyote yale kwa wakati usiotarajiwa. Tope la rutuba nalo hutuama nyuma ya ukuta wa bwawa, na hilo litaonekana katika mashamba na delta polepole kuliko mafuriko ya usiku mmoja.

Nini basi kinafuata kutokana na historia hii? Kwanza, kama mto una ratiba, ratiba hiyo ni mali ya bonde pia. Wakulima wa Rufiji na Kibiti wanahitaji kujua mapema, kwa lugha ya vimo na siku, ni maji kiasi gani yataachiwa na lini, na wanahitaji kusikilizwa kabla ratiba haijapangwa. Mafuriko madogo ya kukusudia mwezi wa Aprili, yanayofikia maziwa na mashamba bila kufikia nyumba, yangewezekana kwa bwawa hilohilo, na wa kueleza maji yafike wapi ni wale waliokuwa wakiyafuata kwa jembe. Watakaosema kwamba kila lita inayopita bila kuzungusha mtambo ni hasara wakumbuke kwamba mpunga, samaki na mahindi ya bondeni ni uchumi pia, na kwamba chakula cha msaada kina bei. Pili, dungu lisihesabiwe tena kuwa ukaidi. Kaya inayolala bondeni miezi ya kilimo na kuwa na nyumba mlimani inafanya jambo la busara, na serikali ingeisaidia kwa njia za kuvukia, boti na maeneo ya kukimbilia, badala ya kuitangazia kila mwaka amri ileile ya kuhama. Dar es Salaam nako, baada ya mafuriko ya Desemba 2011, walioishi bonde la Msimbazi walipelekwa Mabwepande, na watu waliendelea kurudi Jangwani, bondeni humo, kwa sababu riziki yao ilibaki mjini. Kumhamisha mtu bila kuihamisha riziki yake ni kumwagiza arudi.

Hakuna katika haya linalotaka mto urudishwe ulivyokuwa, wala mtoto wa Rufiji anyimwe umeme na shule. Linalotakiwa ni kwamba tuache kuwahesabu watu wa bonde kuwa wahanga wasiojua kitu, na tukumbuke kwamba kwa karne nyingi waliishi na mto mkubwa kuliko yote nchini, wakala, wakauza na kuzika wazee wao kando yake. Mpango wao ulisimama juu ya kazi moja ndogo, ya mkulima kufuata ukingo wa maji yanaporudi na kupanda pale yalipoishia. Ukingo huo bado upo, na kila kiangazi bado kuna jembe linaloufuata. Siku hizi upande mmoja wa ukingo anasimama mkulima, na upande wa pili, kilomita nyingi juu ya mto, anasimama mtu mwenye mkono kwenye lango la bwawa. Usalama wa bonde zima unategemea kama hawa wawili watazungumza.